Sahani ya China ilifikaje Kilwa kabla ya injini?

*"Salaam mtaalamu. Naishi Kilwa Masoko. Likizo iliyopita mwanangu wa kidato cha pili alikwenda kwa bibi yake Kilwa Kisiwani, na maji yalipokupwa akaokota kigae cha sahani, ukubwa wa nusu kiganja. Ni cheupe, kina jani la buluu, na nyuma kina duara lililoinuka lenye chembe za mchanga zilizogandia humo humo. Bibi yake anasema ni vyombo vya Wachina waliokaa hapa zamani, kabla hata ya Waarabu. Mwalimu wake wa historia kasema Wachina wamekuja juzi tu na barabara. Mimi nimekwama katikati. Kama kweli kimetoka China, kilifikaje huku bila injini? Halafu kuna kijana anazunguka akinunua vigae vya namna hii, ameniahidi laki moja. Nimuuzie?"*

Dada yangu, umefunga maswali matatu kwenye pindo moja la kanga: nani alileta, alipita wapi, na pesa. Nianze na la pesa, maana huyo kijana anaweza kupiga hodi kesho. Usimuuzie. Sababu nitazieleza huko mbele, lakini kwa leo kiweke kigae kwenye bahasha, andika juu yake tarehe na mahali kilipookotwa, na umwambie mwanao asirudi pale na jembe.

Sasa kabla hatujafika China, tuhakikishe kwanza kwamba kigae chenyewe kimetoka huko. Fukwe zetu kuanzia Lamu hadi Mikindani zimejaa vigae, na vingi katika vile vya rangi wala si vya kale. Katika karne ya 19 viwanda vya Uingereza na vya Maastricht kule Uholanzi vilipeleka sahani na mabakuli yao Zanzibar, na kutoka hapo vikasambaa pwani nzima. Vyombo vingine vilichapwa michoro ya kuiga ya Kichina. Watu wengi huniletea hivyo wakiamini vimetoka mezani kwa masultani wa Kilwa, na mimi ndiye ninayewaharibia siku.

Tazama pale palipovunjika. Kauri ya China ndani ni nyeupe au ya kijivu hafifu, imeshikamana kama kioo, wala huoni kwa urahisi udongo umeishia wapi na ule mng'aro wa juu umeanzia wapi. Sahani ya Ulaya ya karne ya 19 kwa kawaida ndani inafanana na chaki. Ya Uajemi ina chengachenga kama sukari, na ganda lake la juu hubanduka ukiligusa. Upo pia mtihani wa ulimi: kigae cha chaki hunata kidogo ukikigusisha ulimi kwa kuwa kinanyonya maji, cha kauri hakinati kabisa. Unachekesha, lakini ndio tunaofundishana uwanjani, na nimeshalamba vigae vingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Mwanao akitaka kujaribu, akioshe kwanza.

Kilichonifanya niisome barua yako mara mbili ni ule mchanga. Mfinyanzi anapopanga sahani tanurini, mng'aro wa juu huyeyuka kwa joto la nyuzi zaidi ya 1,200, na sahani inaweza kugandia pale ilipokaa. Mafundi wa Jingdezhen, mji uliosifika kuliko yote kwa kauri, walifuta na kusafisha vizuri ule mguu wa duara kabla ya kuchoma. Lakini kusini zaidi, katika jimbo la Fujian, yalikuwako matanuri ya Zhangzhou yaliyofanya kazi ya haraka kwa ajili ya soko la ng'ambo. Wao walimwaga mchanga chini, wakaweka sahani juu yake, wakachoma. Mng'aro ulipoyeyuka ukaukamata mchanga, na sahani ikauzwa hivyo hivyo. Kazi hiyo ilishamiri mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa ya 17. Kwa maelezo ya barua peke yake siwezi kula kiapo, lakini kama ndiyo yenyewe, basi zile chembe anazozikwaruza mwanao kwa ukucha si mchanga wa Kilwa. Ni mchanga wa China uliosafiri zaidi ya kilomita 10,000 chini ya sahani.

Tuje kwa bibi na mwalimu. Bibi amebeba kumbukumbu sahihi kwamba vyombo vya China ni vya siku nyingi hapa. Pale alipoteleza ni kudhani kwamba chombo hakitembei bila mwenyewe. Mwalimu naye ana haki akisema hakukuwa na mtaa wa Wachina Kilwa, ila amefuta miaka elfu moja kwa sentensi moja. Vyombo vya China vilivyotengenezwa enzi ya Tang, yaani kabla ya mwaka 907, vimefukuliwa Unguja Ukuu kule Zanzibar na kisiwani Manda karibu na Lamu. Mwaka 1955 mwanaakiolojia Mwingereza Mortimer Wheeler alipita pwani ya Tanganyika, akashangazwa na wingi wa vigae vya kauri mpaka akasema historia ya nchi hii iliyofukiwa ardhini, tangu karne ya 10, imeandikwa kwa kauri ya China. Alitia chumvi. Ukichimba mji wowote wa kale wa Waswahili, sehemu kubwa mno ya vigae ni vya vyungu vyetu wenyewe, vyeusi na vyekundu, vilivyopikiwa samaki na wali. Ila hivyo haviwaki juani, basi mgeni haviangalii.

Mpe mwanao mfano huu akautumie darasani. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliyekuwa zamu katika Visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi hiyo, aliokota sarafu mchangani. Nne zilikuwa za Uholanzi. Tano zilikuwa za shaba, zimepigwa Kilwa. Kilwa hii hii. Je, tuseme babu zetu walikaa Australia? Hakuna anayethubutu. Tunasema tu kwamba sarafu ya Kilwa ilipita mikono mingi, na mkono wa mwisho uliidondosha huko. Sasa mantiki hiyo hiyo tuitumie kwa sahani.

Watu wakisikia habari za njia za kale za biashara hufikiria barabara: huku China, kule Afrika, na katikati msafara mmoja unakwenda moja kwa moja. Hata ile Njia ya Hariri ya nchi kavu, jina hilo lilienezwa na mwanajiografia Mjerumani, Ferdinand von Richthofen, mwaka 1877. Wenyewe waliopita humo hawakujua kwamba wako kwenye njia yenye jina. Kila mmoja alijua kipande chake: kutoka mji wa kwao hadi mji wa pili, wa tatu akijitahidi sana. Baharini ilikuwa vivyo hivyo. Mfanyabiashara wa Fujian alipeleka kauri hadi mlango wa bahari wa Malaka au Sumatra. Pale akakutana na Mgujarati kutoka India aliyeleta vitambaa. Mgujarati akarudi kwao Khambhat na kauri kidogo juu ya mzigo wake. Mwaka uliofuata, mwingine kabisa akaitia kwenye chombo cha kuja Malindi, Mombasa au Kilwa, au ikapitia Hormuz na Aden kwanza. Kwenye kila bandari sahani ilipanda bei, na kwenye kila bandari ilibadilisha mwenyewe. Aliyeinunua Kilwa pengine hajawahi kumwona Mchina maishani, na aliyeichora lile jani la buluu hakujua kama kuna nchi inaitwa Kilwa.

Yupo mtu mmoja tunayemfahamu kwa jina aliyeona ncha zote mbili: Ibn Battuta wa Tanja, Moroko. Alifika Kilwa mwaka 1331, akamsifu sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman, kwa ukarimu. Miaka kama kumi baadaye alikuwa Calicut, India, akaziona merikebu za China zimetia nanga zikisubiri upepo, na mwishowe akafika Quanzhou, bandari ambayo Waarabu waliiita Zaytun. Lakini alipanda vyombo vingi mno, na katikati alioa, akawa kadhi, akaibiwa, akazama nusura afe. Merikebu zile za China alizikuta India. Huku kwetu hakusema kuziona.

Kwa enzi za kale zaidi ushahidi mzuri kuliko wote uko chini ya bahari. Mwaka 1998 wapiga mbizi karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, walikuta jahazi lililozama na vyombo vya China kama 60,000. Bakuli moja lilikuwa limechorwa tarehe ya mwaka 826. Jahazi lenyewe halikuwa la Kichina. Mbao zake zilishonwa kwa kamba, bila misumari, kwa namna ya vyombo vya upande wetu wa Bahari ya Hindi, jamaa wa mtepe ambao wazee wa Lamu waliuona kwa macho. Na mabakuli yalivyopakiwa! Yalipangwa ndani ya mitungi mikubwa, moja juu ya jingine kwa kuzunguka, kama mama lishe anavyopanga sahani kwenye ndoo akihama kijiwe. Ndiyo maana yalikaa chini ya maji miaka zaidi ya elfu moja na mengine yakatoka bila ufa.

Swali lako la injini sasa. Injini ilikuwepo, na wavuvi wa Kilwa wanaitumia mpaka leo. Mwulize yeyote mwenye ngalawa: alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda baharini, na alasiri hugeuka ukatoka baharini kuja nchi kavu. Sababu ni kwamba ardhi hupata joto upesi na kupoa upesi, bahari huchelewa. Ardhi ikipata joto, hewa iliyo juu yake hupanda, na hewa ya baharini hukimbilia kujaza nafasi. Usiku mambo hugeuka. Sasa chukua jambo hilo la siku moja, ulinyooshe liwe la mwaka mzima, na badala ya ufukwe wa Kilwa weka bara lote la Asia. Wakati wa baridi bara lile hupoa, na upepo hutoka kule kuja huku: ndio kaskazi yetu, kuanzia Desemba hivi hadi Machi. Wakati wa joto bara huwaka, hewa inapanda, na upepo wa bahari unavutwa kwenda kule: ndio kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba. Haukosei mwaka. Nahodha alijua mwezi wa kuondoka kama unavyojua wewe mwezi wa kupanda mtama.

Ila injini hii ina masharti. Juni na Julai kusi huchafuka mno, na bandari za magharibi mwa India zilifungwa. Ukichelewa wiki chache, umechelewa miezi. Tupige hesabu ya sahani iliyokuwa na bahati: inaondoka Fujian mwishoni mwa mwaka kwa upepo wa kaskazini-mashariki, inafika mlango wa Malaka, inavuka hadi India kabla ya msimu kuisha, inalala ghalani mpaka Desemba, halafu kaskazi inaileta kwetu. Hapo umetumia zaidi ya mwaka mmoja, na kila kitu kimekwenda sawa. Kwa kawaida ilikuwa miwili, mitatu, au zaidi, kwa kuwa sahani hailalamiki ikikaa ghalani.

Na Kilwa yenu ilikaa mahali pa pekee. Kaskazi humleta mgeni kutoka Uarabuni hadi hapo, akauza, akanunua, akaondoka na kusi ya mwanzo. Akitaka kushuka zaidi hadi Sofala, karibu na Beira ya leo, msimu unamwishia. Kwa hiyo dhahabu ya nyanda za Zimbabwe iliyotokea Sofala ililetwa na vyombo vya Kilwa wenyewe, na mgeni akaikuta inamsubiri. Sultani akatoza ushuru kuingia na kutoka. Lile kasri la Husuni Kubwa lenye bwawa la pembe nane juu ya jabali, analoliona mwanao akienda kwa bibi, limejengwa kwa nafasi hiyo kati ya pepo mbili. Sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman huyo huyo imeokotwa Great Zimbabwe, mamia ya kilomita bara, na huko huko pamepatikana vigae vya kauri ya China vya rangi ya kijani. Kwa hiyo sahani hazikuishia pwani.

Hapa kuna kosa moja la sisi wenyewe wataalamu. Tunazungumza sana juu ya kauri kwa sababu haiozi. Mzigo mkubwa uliokuja haukuwa sahani, ulikuwa vitambaa vya pamba vya Gujarat na shanga za kioo. Kitambaa kilivaliwa, kikachakaa, kikawa dekio, kikaoza. Shanga zimebaki, ila ni ndogo na mtu huzikanyaga bila kuziona. Kauri ilikuwa kitu cha fahari: bakuli moja mbili kwenye vidaka vya sebule ya tajiri, mengine yakapachikwa kwenye dari la Msikiti Mkuu wa Kilwa na kwenye nguzo za makaburi ya Kunduchi na Mambrui. Kuku naye hakubaki kwenye rafu ya makumbusho, lakini asili yake ni Asia, na alifika kwa njia hizi hizi. Ndizi pia.

Na vya kwetu vilikwenda. Pembe za ndovu za Afrika zilipendwa India na China kwa kuwa ni laini kuchonga. Dhahabu nimeshaitaja. Magamba ya kasa, ambari, chuma. Boriti za mikoko zilipelekwa Ghuba, nchi isiyo na miti mirefu, na upana wa vyumba vya kule ulifuata urefu wa boriti za kwetu. Watu pia walichukuliwa, na hilo lisifichwe mtoto akiuliza: kusini mwa Iraki, karibu na Basra, watumwa walioitwa Zanj waliasi mwaka 869 na wakapigana hadi mwaka 883. Jina hilo Zanj ndilo Waarabu walilowaita watu wa pwani yetu, na ndilo lililomo ndani ya Zanzibar. Njia iliyoleta bakuli la buluu ndiyo iliyowapeleka.

Hata ile buluu ya bakuli ina safari yake. Mafundi wa Jingdezhen walipoanza kutengeneza vyombo vya buluu na nyeupe kwa wingi katika karne ya 14, madini ya kobalti waliyochorea yaliagizwa Uajemi. Uajemi ilipeleka rangi, China ikarudisha bakuli, na Waajemi wakanunua rangi yao wenyewe ikiwa imeshachorwa maua. Kilwa nayo ikapata sehemu yake.

Kama darasani watabisha, mwambie mwanao awaulize wenzake wanakula pilau kwenye nini. Sinia. Neno hilo tumelitoa kwenye Kiarabu, *siniya*, na maana yake ya asili ni kitu cha Sin, yaani cha China. Na ndani ya pilau hiyo kuna mdalasini, ambao Waajemi waliuita *darchini*, mti wa China, Waarabu wakaugeuza, sisi tukauongezea herufi ya mbele kama tunavyofanya kwa miti yetu yote. Kwa hiyo kila harusi ya Kilwa jina la China limo mara mbili, na hakuna Mchina aliyealikwa.

Bibi atauliza: na wale waliokuja? Walikuja, mara chache, na kwa kishindo. Kati ya mwaka 1405 na 1433 wafalme wa China walituma misafara saba chini ya amiri jeshi wao Zheng He, Mwislamu wa jimbo la Yunnan. Msafara wa kwanza peke yake ulikuwa na watu zaidi ya 27,000. Misafara ya baadaye ilifika Mogadishu, Barawa na Malindi, na mwaka 1415 twiga wa Malindi alifikishwa kwa mfalme Yongle. Sarafu ya enzi ya Yongle imepatikana kisiwani Manda na nyingine Mambrui. Halafu wakaacha, na hawakurudi. Lakini angalia tarehe. Vyombo vya China vilikuwa vimeshatangulia kwa miaka mia sita, na kigae chako, kama ni cha Zhangzhou, kimekuja zaidi ya miaka mia moja baada ya Zheng He kufa. Wakati huo Wareno walikuwa wameshaushambulia mji wa Kilwa mwaka 1505 na kuichukua Malaka mwaka 1511, nao pia walibeba kauri kutoka Macau na kupitia Goa. Sahani yako inaweza kuwa ilipanda merikebu ya Mreno, au ya Mgujarati aliyemkwepa Mreno. Kigae hakisemi.

Kule Pate na Siyu, jirani na Lamu, kuna watu wanaosimulia kwamba wametokana na mabaharia wa China ambao merikebu yao ilizama karibu na Shanga, mji wa kale wa kisiwa hicho, na wengine husema jina Shanga limetokana na Shanghai. La jina silikubali: Shanga palikuwa pameshajengwa msikiti wa miti katika karne ya 8, karne sita kabla ya misafara ya Zheng He. La ukoo nisingelikejeli. Miaka mingi wasomi walicheka hadithi ya Washirazi wa Kilwa, kwamba mababu walitoka Uajemi, wakisema ni ngano tu. Mwaka 2023 ukatolewa utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa pwani na jirani zake kati ya mwaka 1250 na 1800, wengi wakiwa wa makaburi ya wakubwa wa miji. Upande wa kina mama karibu wote ni Waafrika, na upande wa kina baba wengi wana asili ya Asia, hasa Uajemi, mchanganyiko ulioanza karibu mwaka 1000. Mtu aliyesubiri upepo miezi minne ugenini alihitaji mwenyeji, akapewa chumba, akapata mke, akaacha watoto. Mama ndiye aliyewafundisha watoto lugha, ndiyo maana tunasema Kiswahili na si Kiajemi, ingawa bandari na nahodha ni maneno ya Kiajemi.

Sasa turudi kwa kijana na laki moja yake. Kwanza sheria: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yako kwenye orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1981. Kuchimba bila kibali ni kosa, na kuuza vitu vya kale bila kibali kunaweza kukuingiza matatani. Pili, akili ya kawaida: kigae kimoja kilichovunjika kina thamani ndogo sana sokoni. Laki moja hiyo si bei ya kigae, ni chambo. Anataka mwanao arudi na kingine, halafu bakuli zima, na bakuli zima haliokotwi ufukweni, linang'olewa ukutani au kaburini. Nenda Kunduchi ukaone. Makaburi yamesimama na matundu ya duara kwenye chokaa, kila tundu sahani iliyobanduliwa. Tundu haliwezi kutwambia sahani ilikuwa ya karne gani, na mnunuzi wa sahani hajui ilitoka kaburi gani. Wote wamepoteza.

Unachoweza kufanya kiko cha aina tatu. Kukikabidhi ndicho ninachokushauri: mpeleke mwanao mwenyewe kwa wahifadhi wa magofu, au ofisi ya utamaduni ya wilaya, waandike jina lake na mahali alipokiokota. Kukipeleka shuleni kwanza kwa siku moja, mwalimu akaone ule mchanga, si vibaya, mradi wahifadhi waarifiwe. Kukiweka nyumbani kimya kimya ndiko kunakoonekana hakuna madhara, lakini nimeona mara nyingi: mwenye nyumba anafariki, watoto wanahama, kigae kinatupwa na kifusi. Kwa wakati kilipo kwako, usikiguse kwa Jik wala gundi. Kiloweke kwenye maji ya kawaida ya baridi, uyabadilishe kila siku kwa wiki moja ili chumvi itoke, kisha kikauke kivulini.

Yako mambo ambayo usisubiri barua ya mtu kama mimi. Kama bahari imekula ukingo na kaburi au ukuta umeanza kuonekana, kama kuna mifupa, kama ni chombo kizima, au kama kina maandishi yoyote: usiking'oe, piga picha, weka alama, na uwaite wahifadhi siku hiyo hiyo. Maji ya bamvua yakija mara mbili, hakutakuwa na cha kuwaonyesha. Na ukiona watu wanachimba usiku, toa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji. Usiwakabili mwenyewe.

Nina ombi moja kwa mwanao. Anipigie picha tatu mchana, kivulini, rula ikiwa pembeni: upande wa jani, upande wa duara, na ule ukingo uliovunjika. Aniandikie pia aliokota upande gani wa kisiwa, karibu na ile ngome ya Gereza au chini ya Husuni Kubwa, na kama vyungu vyekundu vilikuwepo mahali pale pale. Hivyo vyungu navitaka kuliko jani.